RANGI HAISIMAMISHI GARI



Kuna neno moja ambalo sisi mafundi na madereva tumelisikia mpaka masikio yamechoka. Neno lenyewe ni hili: "Likitembea linatosha." Tajiri hulisema akiwa amesimama mbali na gari, viatu vyake safi. Akiisha kulisema huenda zake ofisini, na gari likabaki na sisi. Leo twataka kulijibu neno hilo katika karatasi hii. Kila mwanachama asome, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

Jibu letu ni fupi. Gari kutembea hakutoshi. Hata jiwe hutembea likisukumwa mlimani. Gari huanza kutosha siku linapoweza kusimama.

HABARI YENYEWE

Mwaka huu tajiri mmoja mwenye kiwanda kidogo alinunua pikapu ya Peugeot 504. Hatutaji jina lake, maana bado twazungumza naye juu ya mambo mengine. Gari lilikuwa limekaa chini ya mwembe zaidi ya miaka miwili. Tairi zilikuwa zimelala, kuku walikuwa wametaga nyuma ya kiti, na boneti imejaa majani. Alilipata kwa bei ya chini sana, akafurahi, akaja nalo kiwandani likivutwa kwa kamba.

Mafundi wawili wa kiwanda hicho ni wanachama wetu. Tajiri aliwapa shilingi 40,000 na majuma matatu. Pesa hizo alikuwa amekwisha kuzigawa mwenyewe kwenye karatasi: rangi mpya na jina la kiwanda mlangoni, shilingi 24,000, kiti kipya na turubai, shilingi 6,000, betri mpya, shilingi 7,500. Jumla 37,500. Zilibaki shilingi 2,500, na mbele yake ameandika "injini na breki".

Ndugu, tazameni hesabu hiyo vizuri. Shilingi 2,500 za injini na breki kwa pamoja, na shilingi 24,000 za rangi! Na gari hilo lilikuwa litolewe Nairobi na mzigo, lishuke mteremko wa Mai Mahiu mpaka Naivasha, na nyuma wapande taniboi na wapakiaji wawili.

Mzee dereva, ambaye ameshika usukani zaidi ya miaka ishirini, aliingia ndani akakanyaga breki. Pedali ikaenda mpaka sakafuni. Akakanyaga tena, ikaenda. Mara ya tatu ikashika kidogo. Akamwendea tajiri.

"Bwana, breki hazishiki."

"Zinashika, mzee. Ukipiga mara tatu zinashika."

"Na nikimkuta mtoto barabarani, nimwambie angoje nipige mara tatu?"

Tajiri hakulijibu swali hilo. Alisema kwamba yako madereva mengi mjini yanayotafuta kazi, tena kama gari litakwama njiani gharama itakatwa katika mshahara. Ndipo mzee akaja kwetu, na ndiyo sababu ya maandishi haya.

GARI KUUKUU SI AIBU

Kwanza twataka ijulikane kwamba hatulipigi vita gari kuukuu. Wengi wetu tumelelewa na magari kuukuu, na wengine tumejenga nyumba kwa faida yake. Kanuni iitwayo KS 1515 ya mwaka 2000 haikubali kuingizwa nchini gari lililopita miaka minane tangu kuandikishwa kwake mara ya kwanza. Lakini yaliyokwisha kuwa hapa yangali hapa, na mtu mwenye pesa kidogo hununua hayo. Hana kosa. Mwenye kidogo hununua alichoweza.

Tena Peugeot 504 si gari la kudharauliwa. Lilitoka kiwandani Ufaransa mwaka 1968, na kwa miaka mingi yaliunganishwa hapa hapa Kenya. Mwaka 1975 gari la namna hiyo lilishinda Safari Rally likiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 likashinda tena likiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Watu wakumbuka madereva, lakini hawakumbuki mafundi. Kila kituo walikuwako mafundi wenye spana, wanaotazama breki, tairi, springi na maji. Gari lilishinda kwa sababu lilitunzwa njia nzima.

Basi ugomvi wetu ni na utupaji. Gari likiachwa bila kuguswa haliwi kama nguo iliyokunjwa sandukuni. Linaoza. Oili ya breki hunyonya maji kutoka hewani, hata katika chupa iliyofunguliwa. Maji hayo huleta kutu ndani ya masta silinda na ndani ya klipa, na pistoni hukwama. Petroli iliyokaa huwa kama gundi na kuziba vitundu vya kabureta. Mpira wa tairi hupasuka nyufa. Panya hula waya. Maji matupu ndani ya rejeta huwa mekundu kwa kutu. Mambo hayo yote hufanyika kimya chini ya mwembe, na rangi mpya hufunika yote.

Yafaa tueleze jambo moja la oili ya breki, maana ndilo linaloua. Oili ikiisha kunywa maji, huchemka upesi kuliko oili safi. Sasa fikirini gari lenye mzigo likishuka Mai Mahiu, dereva anakanyaga breki kona baada ya kona. Pedi na diski zapata moto mkali, moto waingia katika oili, maji yale yachemka na kuwa mvuke. Mvuke hubonyea, oili haibonyei. Dereva akanyaga, pedali yaenda sakafuni, gari laendelea. Pale kiwandani, kwenye uwanja wa tambarare, gari hilo hilo lilisimama vizuri. Tajiri aliliona likisimama kwa macho yake, na macho yake hayakumwonyesha kitu.

MPANGO WA SHILINGI

Watu husema maskini hana uchaguzi. Huo ni uwongo. Maskini ana uchaguzi mmoja, nao ni mkubwa: shilingi yake ya kwanza iende wapi. Tajiri akikosea anatia nyingine. Sisi tukikosea, basi. Kwa hiyo sisi mafundi tumekubaliana juu ya mpango, na twaomba kila tawi liufuate, kwa gari la kazi na kwa gari la mwanachama mwenyewe.

Kwanza, kusimama. Pili, kushika njia. Tatu, kuona na kuonekana. Nne, kupoa na kulainika. Tano, kutembea. Sita, kupendeza. Asiyefika kwenye sita asilie. Hakuna mtu aliyezikwa kwa sababu gari lake lilikuwa na rangi mbili.

Katika kusimama hatukubali ujanja. Upo ujanja wa kubana kwa koleo paipu ya gurudumu moja linalovuja, ili yale matatu yabaki. Gari kama hilo likifunga breki huvutwa upande mmoja, na upande huo waweza kuwa na watu. Upo ujanja wa kutia oili ya injini mahali pa oili ya breki. Oili ya injini hufurisha raba zote za mfumo, na baada ya muda mfupi hakuna kinachoshika. Aliyefanya hivyo kwa kuokoa pesa ya chupa moja atanunua raba zote upya, akibahatika kuwa hai.

Njia ya haki ya pesa kidogo ipo. Mara nyingi si lazima kununua masta silinda nzima. Ifungueni, muisafishe, mtazame ukuta wake wa ndani. Ukiwa laini, raba mpya zatosha. Ukiwa na mashimo ya kutu, hapo hapana huruma, inunuliwe nyingine. Kadhalika klipa na silinda za nyuma. Paipu za mpira zilizopasuka nyufa zitolewe zote. Halafu oili mpya kutoka kopo lililofungwa, na hewa itolewe gurudumu moja moja mpaka pedali iwe ngumu kwa mguu wa kwanza, si wa tatu.

Katika kushika njia, inueni mbele ya gari, mshike gurudumu juu na chini mtikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza, tafuteni kinachocheza: beringi, boljointi, au tairodi. Kazi hiyo haina gharama ila jasho. Na tairi zisomwe. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2315, tairi ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2015. Muuzaji aweza kuipaka dawa nyeusi mpaka ing'ae, lakini tarakimu hazidanganyi. Wako pia wanaochonga mistari mipya kwa kisu katika tairi iliyokwisha. Huko ni kumkata mpira mpaka kwenye nyuzi na kumwuzia mtu kifo chenye mistari mizuri.

Kuona na kuonekana ni kazi ya balbu, waya, fiuzi na waipa. Ni kazi ya pesa ndogo kuliko zote na ndiyo huachwa kuliko zote. Mara nyingi taa haikufa, ila waya wa chini umepata kutu mahali unapofungwa kwenye bodi. Msasa na dakika kumi, taa inawaka.

Katika kupoa, twataka kusema na mafundi wenzetu bila kuficha. Hedi ya injini ya 504 ni ya aluminiamu. Injini ikichemka mara moja tu vibaya, hedi hupinda, gasketi huungua, maji huingia mahali pa oili. Na wengi wetu tukiona gari linachemka twatoa thamostati na kuitupa, eti Afrika kuna joto. Ndugu, thamostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya peke yake. Injini isiyofikia joto lake hunywa petroli zaidi, oili yake hupata uchafu upesi, na vyuma huchakaa. Gari likichemka kuna sababu: rejeta imeziba, mkanda umelegea, pampu imechoka, kifuniko hakishiki. Itafutwe sababu. Na maji ya bomba matupu yaachwe. Itiwe dawa ya rejeta inayozuia kutu, maana chuma na aluminiamu zikikaa pamoja katika maji matupu huliwa pole pole.

USIBADILISHE KWA KUBAHATISHA

Sasa twafika kwenye injini, mahali ambapo pesa ya maskini huibwa mchana. Gari halinguruma, fundi asema ni plagi. Zanunuliwa plagi. Halinguruma, asema ni koili. Yanunuliwa. Halinguruma, asema ni pampu ya petroli. Mwisho wa juma mwenye gari amenunua duka zima, na kosa lilikuwa waya uliokatika.

Injini ya petroli yataka vitu vinne tu: hewa, petroli, mgandamizo, na moto unaofika kwa wakati wake. Vipimwe kimoja kimoja kabla ya shilingi kutoka mfukoni. Gari lililolala muda mrefu lisipigwe stata mara moja. Toeni plagi, mtie oili kidogo katika kila tundu, mzungushe injini kwa mkono na spana. Petroli ya zamani imwagwe katika chombo, tangi lisafishwe, kabureta ifunguliwe ioshwe. Pointi zisuguliwe kwa msasa laini na nafasi yake ipimwe kama kitabu cha gari kisemavyo.

Mgandamizo wa silinda moja ukiwa chini, tieni kijiko cha oili katika tundu lake mpime tena. Ukipanda, ringi zimechoka. Usipopanda, tazameni valvu au gasketi. Kijiko kimoja cha oili kimekuambia habari ambayo mwingine angeinunua kwa kufungua injini nzima. Huo ndio ufundi. Wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walioandika ripoti juu ya Kenya mwaka 1972 walikiri kwamba watu wa kazi ndogo ndogo, wasio na mtaji wala msaada wa serikali, walikuwa wakifanya kazi yenye faida kwa nchi, huku wakidharauliwa na hata kusumbuliwa. Ndio hao mafundi wa jua kali. Lakini sifa hiyo yatupasa tuistahili. Fundi anayebahatisha kwa pesa ya mwingine si wa jua kali wala wa kivuli. Ni mwizi mwenye spana.

Na juu ya spea twasema hivi. Katika barabara ya Kirinyaga hapa Nairobi, ambayo wazee wangali wakiiita Grogan, mtu hupata kila kitu cha gari. Si dhambi kununua kilichotumika. Mlango, kioo, stata, altaneta, hata gia boksi, chukua kilichotumika kilicho cha asili, mradi upewe risiti ili usije ukashikwa na mali ya wizi. Mara nyingi kitakaa kuliko kipya cha bandia. Lakini pedi, lainingi, raba za breki, paipu za mpira, mikanda na tairodi zisinunuliwe zilizotumika hata kama ni bure. Na ukiuziwa pedi mpya kwa bei inayokushangaza kwa udogo, shangaa kweli. Sheria ya kuzuia bidhaa bandia ipo tangu mwaka 2008, na bandia zingali zinauzwa, kwa sababu wapo wanunuzi wanaosema likitembea linatosha.

HESABU YETU

Mtu atasema: haya ni maneno ya watu wasiojua kwamba pesa hakuna. Twajua. Mishahara yetu yenyewe imetufundisha. Ndiyo maana mafundi wale wawili hawakuomba hata senti moja zaidi ya zile 40,000. Walichukua kalamu wakaandika hesabu nyingine, kwa bei walizouliza wenyewe madukani:

Raba za masta silinda, klipa na silinda za nyuma, pamoja na oili ya breki, 6,500.
Pedi za mbele na lainingi za nyuma, 5,500.
Paipu za mpira za breki, 2,400.
Tairi mbili za mbele, 12,000.
Tairodi mbili, 3,000.
Balbu, waya, fiuzi na waipa, 1,600.
Oili ya injini, filta, thamostati, mkanda na dawa ya rejeta, 5,500.
Plagi, pointi na kondensa, 2,500.
Petroli mpya na sabuni ya kuoshea tangi na kabureta, 1,000.

Jumla ni shilingi 40,000 kamili. Betri walichukua ya trela lililolala, wakaichaji, ikashika. Kiti cha zamani walikishona kwa gunia. Rangi, hapana.

Basi si kweli kwamba pesa hazikuwako. Zilikuwako, ila zilikuwa zimetumwa mlangoni badala ya kutumwa magurudumuni. Na hapo ndipo neno letu lote lilipo. Tunapoambiwa "hakuna pesa ya breki", mara nyingi maana yake ni "pesa ipo, lakini si kwa ajili ya roho yako".

NANI ALIPE?

Sasa juu ya lile tisho la kukata mshahara. Wanachama wengi hukubali kukatwa kwa sababu hawaijui sheria. Basi ijulikane. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa au kupotea kwa kosa la mfanyakazi la kusudi. La kusudi! Klachi iliyochakaa kwa umri si kusudi lako. Injini iliyolala miaka miwili chini ya mwembe si kusudi lako. Tena hata makato yaliyo halali hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, yataka gari na sehemu zake zote, pamoja na taa na tairi, ziwe katika hali isiyoleta hatari kwa watumiao barabara na kwa waliomo ndani. Na askari akisimamisha gari barabarani, hamkuti tajiri ndani yake. Amkuta dereva. Mkono wa kwanza kufungwa ni wake.

Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yasema mfanyakazi aliyeondoka mahali pa kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu, asifukuzwe wala kuadhibiwa kwa jambo hilo. Sisi twasema kwamba mahali pa kazi pa dereva ni nyuma ya usukani, na mahali pa kazi pa taniboi ni juu ya mzigo. Pedali inayokwenda sakafuni ni hatari kubwa, nayo i karibu, i chini ya mguu.

TUSIJIFICHE NYUMA YA TAJIRI

Lakini kusema kweli ni kusema yote. Wamo kati yetu madereva walioona breki zinavuja wakanyamaza, kwa kuogopa kuitwa wagumu. Wamo waliojisifu kwamba wao wajua kuendesha gari lisilo na breki, kwa gia tu. Ndugu, huo si ujuzi. Huo ni kumfundisha tajiri kwamba breki si kitu cha lazima. Wamo mafundi waliotoa spea nzuri katika gari la kazi wakaiuza, wakatia iliyokufa. Wamo walioandika "tayari" katika daftari bila kuinua hata gurudumu moja.

Tena kuna jambo la roho za mafundi wenyewe. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Usitegemeze gari kwa matofali ya saruji, maana matofali hayo hupasuka ghafula bila kuonya. Tumia stendi za chuma, au magogo mapana ya mti mgumu, na magurudumu yaliyo chini yazuiwe kwa mawe. Kuokoa pesa ya stendi na kulipa pesa ya jeneza si hesabu.

TWATAKA NINI?

Twataka mambo matatu, na hatutaki maneno mengi.

Moja. Kila gari la kazi liwe na daftari yake. Dereva aandike kila ubovu anaouona, kwa tarehe, na mwenye gari au karani wake atie sahihi kwamba ameusoma. Daftari hiyo inunuliwe hata kwa pesa yetu wenyewe. Siku ya mashtaka karatasi husema kuliko mdomo.

Mbili. Pesa ya matengenezo, iwe nyingi iwe kidogo, ianze na kusimama. Fundi asiamriwe kupaka rangi gari ambalo breki zake hazijapimwa, na akiamriwa, alete habari tawini siku hiyo hiyo.

Tatu. Asikatwe mtu mshahara kwa ubovu aliouandika katika daftari. Akikatwa mmoja, wote tumekatwa.

Mtauliza ile pikapu ilikuwaje. Mzee dereva hakulitoa gari. Mafundi walikataa kulipeleka kwa mpaka rangi kabla ya breki. Wapakiaji, ambao si madereva wala mafundi, walisema hawapandi. Siku mbili mzigo ulikaa uwanjani. Siku ya tatu tajiri aliichukua hesabu ya mafundi, akaisoma akiwa amesimama, akauliza kama kweli zitatosha. Wakamwambia zitatosha. Akasema haya.

Gari linatembea leo. Mlango mmoja ni wa buluu na mwingine una madoa ya kutu, na jina la kiwanda bado halijaandikwa. Lilipaswa kumaliza majuma matatu, likamaliza manne. Juma lililopita lilishuka Mai Mahiu na mzigo wa mifuko. Mzee alilishusha kwa gia ya pili kama ilivyo haki, akigusa breki kidogo kidogo, na kila alipogusa ilishika kwa mguu wa kwanza. Watu watatu waliokuwa nyuma walifika Naivasha wakala chakula cha mchana.

Tajiri angali akinung'unika juu ya rangi. Na anung'unike. Siku akiwa na pesa nyingine tutampakia rangi vizuri sana, maana hata hiyo ni kazi yetu na tunaijua.

Lakini breki kwanza.

Ni sisi wenzenu,
Mafundi na Madereva wa Tawi